Taa za Breki za Land Rover ya Zamani: Kwa Vijana Wanaoanza Umeme wa Magari

Vijana wangu, nimewaona tena mkinunua balbu mpya za Land Rover Series III kabla ya kupima kama umeme unafika kwenye swichi ya breki, na kwa kuwa nimechoka kupandisha sauti gerejini, nayaandika haya.

1. Anzeni kwenye swichi. Waya wa kijani huleta umeme kutoka kwenye fyuzi, na wa kijani wenye mstari wa zambarau huupeleka nyuma. Ziunganisheni hizo mbili. Taa zikiwaka, swichi ndiyo mbovu.

2. Mkikanyaga breki na taa nyingine nayo ikawaka kwa unyonge, tafuteni ethi kwanza, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia mwili wa gari. Bodi ni ya aluminiamu, fremu ni ya chuma, na vumbi la huku kwetu Dodoma halina huruma. Pigeni msasa pale waya wa ethi unapofungwa.

3. Msiweke waya badala ya fyuzi. Mnacheka kwa sababu mnajua ni kosa, lakini hata mimi nilijua. Nikiwa bado najifunza kazi, mzee mmoja alileta gari kutoka Kibaigwa, ambalo fyuzi yake ilikuwa ikiungua kila alipokanyaga breki kwenye makorongo. Hilo peke yake lilitosha kunieleza kwamba shoti iko baada ya swichi, kwani balbu mbili za wati 21 huvuta ampea 3.5 tu na haziwezi kuunguza fyuzi. Badala ya kufikiri, nilisokota nyuzi za shaba, nikazipachika, taa zikawaka, nikalipwa. Nyaya za nyuma za gari hilo hupita ndani ya fremu, na humo ganda la waya mmoja lilikuwa limesagika. Shaba ilipogusa chuma njiani, hapakuwa na fyuzi ya kukatika, hivyo waya uliungua wote na kuyeyusha wenzake. Mzee hakunitukana. Aliniuliza tu kama fyuzi huuzwa ghali sana mjini, nami nikashinda chini ya gari lake nikivuta nyaya zilizogandamana, bila malipo.

Ondoeni balbu za breki, wekeni balbu ya wati 21 mahali pa fyuzi, mmoja akanyage pedeli huku mwingine akitikisa nyaya: ikiwaka kwa nguvu, shoti mmeishika.

4. Pini za balbu ya nyuzi mbili (mmoja wa taa ya nyuma, mwingine wa breki) hazilingani kimo, kwa hiyo ikigoma kuingia, igeuzeni. Aliyeilazimisha jana atanunua holda kwa fedha yake mwenyewe.