Datsun ya mjomba lazima itoke kila Jumapili

Swali lenu la wiki hii ni hili: "Una kitu cha kale unachokipenda? Unakitumia, au umekihifadhi?" Mimi nina gari, Datsun 240Z ya mwaka 1972, na kwangu kulitumia ndiko kulihifadhi. Nimechelewa kulijua hilo, na kuchelewa kwenyewe kumenigharimu, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo.

Gari lilikuwa la mjomba wangu, Mombasa. Alilinunua mkononi, enzi ambazo 240Z ilikuwa bado midomoni mwa watu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally, iliyokuwa ikiitwa East African Safari na njia yake ikivuka mipaka ya Kenya. Mwaka 1973 akashinda nayo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akisomewa njia na Lofty Drews. Gari la spoti, chini chini, boneti ndefu, likaja kuyashinda matope ya mashindano yale ya Pasaka! Mjomba alikuwa kijana wakati huo, na hajapata kutamani gari lingine.

Macho yalipoanza kumsumbua, gari likaingizwa bandani na kufunikwa turubai. Likakaa miaka tisa. Mgeni akija, turubai linainuliwa, anatazama, linashushwa. Sote tuliamini linatunzwa. Siku aliponikabidhi ufunguo, rangi ilikuwa inang'aa kama ya jana, lakini ndani palikuwa na msiba. Petroli iliyobaki kwenye kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilikuwa imekauka ikawa utomvu wa kahawia unaonata vidoleni. Tangi limeota kutu kwa ndani. Breki za nyuma, ambazo ni za dramu, zilikuwa zimeshikana kabisa, kwa sababu mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani kidogo kidogo, na unyevu huo hukaa kwenye silinda ukila chuma miaka yote ambayo hakuna anayekanyaga pedali. Sili za mpira zilikuwa zinavunjika kama biskuti. Laiti gari lile lingekuwa linakwenda hata msikitini tu kila Ijumaa, lisingefika hapo.

Nilipoinua zulia upande wa dereva niliona sakafu imepakwa rangi nzuri nyeusi. Nikaigonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia. Hili lilijibu kwa sauti ya ubao. Nikageuza bisibisi, nikasukuma kidogo tu, ikapita mpaka nikaona mchanga wa uani. Kuna fundi wa bodi, simjui na sitaki kumjua, aliyejaza pati, ule ujiuji wa kuzibia mashimo, juu ya kutu akapaka rangi, na mjomba akalipa akiamini amechomelewa bati jipya. Hilo limeniuma kuliko breki. Tangu siku ile, kazi ninayoweza kuifanya mwenyewe siipeleki popote.

Sasa nakaa Tanga, si mbali na bahari, na upepo wa hapa una chumvi. Kwa hiyo Jumamosi naanzia chini. Natandika jamvi, naingia na tochi, nasuuza mvungu kwa maji baridi, kisha natazama sehemu zilezile: bati la kukalia betri, ambalo asidi hulianza mapema, ncha za vizingiti vya milango, na vitundu vya kutolea maji chini ya kila mlango. Vitundu hivyo vikizibwa na vumbi, mlango hugeuka mtungi. Navizibua kwa kipande cha waya, maji yanatoka mekundu au meupe, na hapo nimeshajua hali ya mlango.

Tapeti, yaani ile nafasi ndogo kwenye kila valvu, nazipima mara mbili kwa mwaka, injini ikiwa baridi: milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza, 0.25 kwa za kutolea. Valvu ziko 12. Kipimo, kibati chembamba, kinatakiwa kipite kama kisu kwenye halua, kiburuzike bila kukwama.

Ila kazi ninayoipenda kuliko zote ni kabureta. Injini ina silinda 6 kwa mstari, lita 2.4, na kabureta 2. Ya mbele inalisha silinda 3, ya nyuma 3. Zisipovuta sawasawa, nusu ya injini inaiburuza nusu nyingine na gari linatetemeka likisimama kwenye taa nyekundu za barabarani. Nafungua sanduku la hewa, nawasha injini ipate moto, halafu nachukua kipande cha mpira wa maji urefu wa mkono. Ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele. Ssss. Nahamia ya nyuma. Ssss, lakini nzito zaidi. Nazungusha skrubu robo, nasikiliza tena, narudi mbele, narudi nyuma, mpaka nikifumba macho siwezi kutofautisha. Kisha nachomoa vifuniko vya juu ya kabureta na kuongeza oili nyepesi. Ikipungua humo, ukikanyaga mafuta ghafla gari husita kabla ya kuondoka. Mwanangu huniuliza kwa nini sinunui kifaa cha kupimia. Vipo, na ni vizuri, lakini sikio langu limeshazoea na nalipenda lifanye kazi.

Jumapili alfajiri tunatoka. Mara nyingi ni Muheza tu na kurudi, na hata hiyo inatosha. Kwa mwenye gari bandani nina ombi: usiliwashe dakika tano ukalizima ukadhani umelisaidia. Injini ikiunguza petroli hutoa maji, na isipopata moto wa kutosha maji hayo hubaki kwenye oili na ndani ya ekzosi. Liendeshe nusu saa au zaidi, au liache.

Mara moja kwa mwezi tunakwenda mbali: Segera, Korogwe, Mombo, halafu ile barabara ya kupanda Usambara mpaka Lushoto. Kilomita 33 za kona. Hapo ndipo gari hili linajieleza. Usukani hauna msaada wa umeme wala mafuta, kila jiwe unalisikia viganjani. Unashuka gia ya tatu kabla ya kona, unaliacha lijivute lenyewe, na sauti ya zile silinda 6 inagonga ukuta wa mlima na kurudi dirishani. Hewa inabadilika pale Soni, karibu na maporomoko, unaanza kunusa mvua na majani. Zamani tulikuwa tunanusa moshi, maana mpira wa mlango wa nyuma ukichoka, 240Z huvuta moshi wake yenyewe hadi ndani. Niliubadilisha, na mke wangu amerudi kupanda nami.

Nikifika Lushoto nafungua boneti kabla ya kuagiza chai. Kabureta zimekaa juu ya ekzosi, upande mmoja, na ukizima injini ya moto na boneti imefungwa petroli huchemka humo, gari likagoma kuwaka. Robo saa ya hewa ya mlimani inaliponya.

Tukirudi nyumbani jioni nampigia mjomba. Haoni tena vizuri, lakini hana haja ya picha. Nawasha injini, naishikilia simu juu ya kabureta, natulia. Jumapili iliyopita alisikiliza muda mrefu hadi nikadhani laini imekatika, kisha akasema, "Ya nyuma bado yavuta zaidi, mwanangu." Nikaenda kuchukua mpira na bisibisi.