Toroli la madumu: achana na magurudumu ya baiskeli

Dada, umeuliza kama magurudumu ya baiskeli yatabeba madumu kumi ya lita 20. Hizo ni kilo 200 za maji, bado chuma chenyewe. Ukikata kona kwenye mashimo ya mtaani na mzigo huo, rimu ya baiskeli inapinda. Tafuta ya pikipiki yaliyotumika, mtaa wa Gerezani jijini Dar es Salaam hayakosekani. Kabla hujalipa, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi zimekwisha. Na dai risiti, maana vya wizi vipo.

Ninachokusisitizia zaidi ni mahali magurudumu yatakapokaa. Ukimwachia fundi wa kuchomelea aamue mwenyewe, anaweza kuyaweka nyuma kabisa, mbali na mpini, uzito wote ukulemee mikononi. Panga madumu yaliyojaa juu ya fremu kwanza, utafute katikati ya mzigo, kisha magurudumu yasogee nyuma yake kidogo tu. Kila gurudumu lishikwe na fremu pande zote mbili, usikubali upande mmoja.

Nyuma funga kipande cha tairi kuukuu kama kwenye mikokoteni ya Kariakoo: kwenye mteremko unainua mpini, tairi linasugua lami, toroli linapunguza mwendo. Mbao za paleti zinatosha kwa sakafu.