Mionzi ya tezi dume mara 20 badala ya 37, na kwa nini mgonjwa hushushwa mezani

Ndugu, umeuliza mawili: kwa nini mzee kaandikiwa mionzi mara 20 wakati jirani yenu miaka ile alipigwa mara 37, na kwa nini juzi alishushwa mezani bila kupigwa. Majibu yanashikana.

Hajapunjwa. Ratiba ya 37 ni grei 74 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), yaani grei 2 kwa siku. Ya 20 ni grei 60, ila kila siku anapata grei 3, na saratani ya tezi dume huumizwa zaidi na dozi nene kuliko za kudondoshadondosha. Utafiti wa CHHiP wa Uingereza ulilinganisha ratiba hizo, na matokeo ya 2016 yakaonyesha ile fupi haiko nyuma. Ipo hata ya mara 5, kwa ugonjwa usio mkali sana na ambao haujatoka nje ya tezi, ingawa yenyewe husumbua mkojo zaidi kidogo.

Sasa, dozi nene inataka shabaha. Mashine inamzunguka mgonjwa huku vipande vyembamba vya chuma vikifunguka na kujifunga kufuata umbo la tezi, na ukingo wa ziada ni milimita chache tu. Tezi imekaa chini ya kibofu, mbele ya utumbo wa haja kubwa. Gesi ikijaa huko nyuma, tezi inasogea. Ndiyo maana wanapiga picha kwanza kila siku, na wakiona imehama wanamshusha. Hapo wamefanya kazi yao.

Kosa baya zaidi hutokea siku ya CT, ile picha ya ndani ya mwili inayotumika kupanga mionzi. Utumbo ukiwa umejaa siku hiyo, mpango mzima unachorwa tezi ikiwa imesukumwa mbele. Ukija kuwa mtupu, tezi inarudi nyuma, nje ya dozi. Afadhali picha irudiwe.

Kibofu kilichojaa husogeza utumbo mwembamba mbali na mionzi. Kwa kawaida mgonjwa anakojoa hadi tone la mwisho, anakunywa chupa moja ya nusu lita, anasubiri dakika 30 hadi 45. Hospitali yenu ikiwapa namba nyingine, fuateni hizo, mradi zisibadilike. Wengine siku ya picha hunywa lita nzima na nusu. Wiki ya tatu mkojo unachoma, hawezi kubana tena, na kibofu hakifiki pale kilipokuwa. Tena, aliyeshinda jana bila maji, nusu lita ile inaishia mwilini, haifiki kibofuni. Kama anameza dawa ya presha inayokojoza, muulizeni daktari aimeze saa ngapi, msiiache wenyewe.

Usiku wa kuamkia mionzi aepuke maharage, kabichi na soda, na aende choo kabla ya kutoka nyumbani. Choo kikiwa kigumu, semeni mapema apewe dawa ya kulainisha.

Na foleni: asinywe maji kabla ya kuuliza mashine inaendaje. Ikichelewa sana, akojoe aanze upya.