Maswali yenu: Filamu ya Otrar

Nimemaliza filamu zote za Genghis Khan ninazozijua. Ipo iliyonipita?

Huenda ni *Kuanguka kwa Otrar*, ya Ardak Amirkulov wa Kazakhstan. Ilitoka 1991, Umoja wa Kisovyeti ukisambaratika. Nani angepata nafasi ya kuitangaza? Miaka ilipita kabla mwongozaji wa Kimarekani Martin Scorsese hajaipigia debe Marekani.

Inahusu vita tu?

Vita vinachelewa sana kuja, na hapo ndipo utamu wake. Unzhu, mpelelezi Mkipchaki (kabila la wahamaji wa nyika), anarudi kutoka kwa Wamongolia na kumwonya Shah wa Khwarezm, dola ya Asia ya Kati, kuwa Genghis Khan ni hatari. Badala ya shukrani anapata mateso. Kiini cha ugomvi ni cha kweli: mwaka 1218 gavana wa Otrar, mji wa biashara karibu na mto Syr Darya, aliua wafanyabiashara wa msafara wa Khan akidai ni majasusi. Khan akatuma wajumbe kudai haki. Shah akamuua mmoja, wenzake akawanyoa ndevu. Mjumbe hauawi, na Wamongolia hawakuwa na mzaha katika hilo. Otrar ilizingirwa kwa miezi kama mitano ikaanguka.

Rafiki yangu anasema ni Kurosawa mtupu, yule mwongozaji wa Kijapani. Kweli?

Kwenye mapigano, sawa, nakubali kidogo. Ila mimi namwona zaidi Tarkovsky, mwongozaji wa Kisovyeti: Bolot Beyshenaliev, aliyekuwa khan wa Kitatari katika filamu yake *Andrei Rublev* (1966), ndiye Genghis Khan hapa. Sidhani aliokotwa tu. Juu ya wote hao yupo mwongozaji wa Kirusi Aleksei German, aliyeandika skripti pamoja na mkewe, Svetlana Karmalita. Vyumba vimefurika watu, kila kitu kichafu, neno zito linasemwa pembeni huku mtu baki akikatiza mbele ya kamera, na hakuna anayekufafanulia nani ni nani. Itazame kisha utazame *Hard to Be a God* (2013), ya German mwenyewe. Utajua zimetoka nyumba moja.

Nakala yangu ina rangi ya kahawia. Imeharibika?

Hapana, ndivyo ilivyo. Rangi kamili huibuka mara chache.

Nitazame na watoto?

Hata kidogo. Masimulizi ya kale yanadai gavana aliuawa kwa fedha iliyoyeyushwa, na Amirkulov hakutaka kukwepa hilo.