Kijana wa Miaka 15 Hajachelewa: Somo Kutoka kwa Miguu ya Hakeem Olajuwon

Wazazi wa huku Eastlands, Nairobi, wana swali moja wanaloniuliza sana: "Kocha, huyu wangu ana miaka 15 na hajawahi kucheza mpira wa vikapu. Si ameshachelewa?" Mimi huwajibu kwa kuwatajia mtu. Hakeem Olajuwon alizaliwa Lagos mwaka 1963, akakulia kwenye mpira wa mikono na kwenye kandanda, ambako alikuwa kipa. Vikapu alivianza akiwa na miaka 15 hivi. Mwaka 1984, timu za NBA, ligi kuu ya vikapu ya Marekani, zilipochagua wachezaji wapya, yeye ndiye aliyechaguliwa wa kwanza, na Houston Rockets. Michael Jordan alikuwa wa tatu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza huwashangaza wengi: usimtoe kijana kwenye kandanda. Kipa hujifunza kusogea pembeni kwa hatua fupi bila kupishanisha miguu, kuusoma mpira ukiwa hewani, na kungoja hadi wakati hasa wa kuruka. Hayo yote huja nayo kiwanjani kwetu. Olajuwon alistaafu mwaka 2002 akiwa amezuia mitupo 3,830, na hakuna aliyemfikia hadi leo. Tafuteni video ya mechi ya sita ya fainali ya 1994 dhidi ya New York Knicks. Rockets wako nyuma kwa mechi 3 kwa 2, wanaongoza mechi hiyo 86 kwa 84, sekunde zinayoyoma, na John Starks anatupa mpira wa pointi tatu ambao ungewapa Knicks ubingwa. Olajuwon, senta mzima ambaye kazi yake ni karibu na ringi, anatoka mbio hadi huko nje na kuugusa mpira kwa ncha za vidole. Rockets wakashinda ile, wakashinda na ya saba.

Kuna wanaoniambia kwamba yule alikuwa na urefu wa futi 7, wetu watatoa wapi? Lakini mwaka 1995 alikutana na David Robinson, senta wa San Antonio Spurs, mrefu kama yeye au zaidi, aliyekuwa ametuzwa mchezaji bora wa msimu huo huo. Rockets walishinda mechi 4 kwa 2. Baadaye kwenye fainali akakutana na Shaquille O'Neal wa Orlando Magic, mrefu na mzito kumpita, na Rockets wakashinda 4 bila jibu. Warefu wanapokutana, urefu haumfaidi yeyote. Kilichobaki ni miguu.

Chenga yake iliyopewa jina la Dream Shake nimeitazama mara nyingi mno, na naamini kila kocha wa vijana Nairobi anapaswa kuifundisha, hata kwa walio wafupi. Anapokea mpira akiwa ameipa ringi mgongo, na anatua kwa miguu yote miwili kwa pamoja. Hapo ndipo mambo yalipo. Ukitua hivyo, sheria inakuruhusu kuchagua mguu wowote uwe wa kugeukia, na beki aliye nyuma yako hana njia ya kujua utaelekea wapi. Kisha bega linaenda upande wa mstari wa mwisho, kichwa na macho vinafuata, na beki anahama. Mpira wenyewe haujaenda popote. Anageukia upande wa pili, anauinua kana kwamba anatupa, beki anaruka, naye anapita chini ya mkono wake.

Mimi huanza bila mpira. Tunafagia mchanga, nachora kwa chaki mraba mdogo juu ya saruji, na kijana anatua ndani yake kwa miguu miwili. Halafu anainua kisigino na kugeuka kwa sehemu ya mbele ya mguu, chini tu ya kidole gumba. Kisigino kikigusa chini anapoteza usawa. Mguu huo ukitoka kwenye mraba, ni sawa na refa kupuliza kwamba umetembea na mpira. Vijana huchoshwa na zoezi hili, wanataka kutupa mpira tangu siku ya kwanza. Wavumilieni, lakini msiwaachilie.

Hili linanileta kwenye viatu, kwa sababu najua yanayowapata wazazi wa mtaani kijana anapotaja chapa fulani. Olajuwon, akiwa katika kilele chake, alikubali jina lake liuze viatu vya Spalding vya takriban dola 35, wakati viatu vya mastaa wengine vilikuwa vinapita dola 100. Nenda Gikomba, kwenye soko la mitumba. Kigeuze kiatu, utazame pale chini ya kidole gumba: kama michoro ya soli imelika pale, kirudishe hata kama juu kinang'aa, kwa maana hapo ndipo kijana atageukia na hapo ndipo atateleza. Kikunje kuona kama gundi imeachia. Chapa haina kazi yoyote.

Vijana wangu wengi wanatoka Pumwani na Eastleigh, na Ramadhani ikikaribia mama zao huniuliza kama wapumzike mwezi mzima. Olajuwon alifunga huku akicheza. Alikula tende na kunywa maji mengi kabla ya alfajiri, na Februari 1995, mwezi wa mfungo, akatajwa mchezaji bora wa mwezi NBA. Yeye alikuwa mtu mzima mwenye madaktari wa timu, kwa hiyo simwigi kichwa kichwa. Anayefunga, saa ya mwisho kabla ya magharibi namfanyisha mraba tu, taratibu, bila kukimbia. Mbio ni baada ya kufuturu. Akihisi kizunguzungu anakaa, na hakuna mchezaji mwenzake anayeruhusiwa kumcheka.

Jambo jingine ninalolisisitiza ni kumwacha kijana acheze na wakubwa. Olajuwon akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Houston alipambana majira ya joto na Moses Malone, senta wa Rockets wakati huo, mtu mzima mwenye nguvu zake, katika ukumbi wa Fonde. Alisukumwa sana huko. Mzazi akiona mwanawe anaangushwa na watu wa miaka 25 hukimbilia kumtoa. Mimi humwomba amwache, mradi kuna mkubwa mmoja wa kuwasimamia.

Na kijana aliyekwisha kuwa nyota wa shule asione aibu kurudi kwenye mraba. Baada ya kustaafu, Olajuwon alifuatwa na Kobe Bryant, nyota wa NBA, mwaka 2009 amfundishe kucheza karibu na ringi. LeBron James alikwenda kwake mwaka 2011, akiwa tayari ametuzwa mchezaji bora wa NBA mara mbili, na mwaka uliofuata akapata ubingwa wake wa kwanza. Wote hao walipelekwa pale pale: miguu kwanza.

Kwa hiyo, mama, kama kijana wako yuko katikati ya msimu wa kandanda, mwache aumalize. Akija kwetu baadaye, sitamuuliza ameshacheza vikapu kwa muda gani. Nitamuuliza alikuwa anacheza namba gani.