Santuri au CD? DJ Anayeanza Achague Muziki Kwanza, Mashine Baadaye

Anayetaka kujifunza u-DJ huanza kwa kuuliza anunue mashine gani. Kabla ya hapo ajiulize: nitapiga muziki gani, na muziki huo unapatikana katika umbo gani? Akilijibu hilo kwa ukweli, nusu ya uamuzi imeshakwisha hata kabla hajatoa pesa mfukoni.

Muziki mwingi unaochezwa leo Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi haupo kwenye santuri. Bongo Fleva, singeli na gengetone hutoka kama faili za mtandaoni. Ukiwa na mashine mbili nzuri za santuri na ukaombwa harusini wimbo uliotoka wiki iliyopita, huna cha kuweka chini ya sindano. Kwa upande mwingine, rumba ya Kongo, muziki wa dansi wa Tanzania na benga ya Kenya vilitoka kwa wingi kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, hasa kati ya miaka ya 1960 na 1980, na sehemu ya hazina hiyo haijawahi kuhamishiwa kwingine. Mtu wa zilipendwa anayepita Soko la Kenyatta jijini Nairobi, ambako santuri kuukuu bado zinauzwa, ana sababu halisi ya kumiliki mashine ya santuri. Mtu wa harusi na vigodoro hana, isipokuwa kama anataka kuskrachi, yaani kuisukuma santuri mbele na nyuma kwa mkono ili itoe mkwaruzo wa mdundo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wengi ni pleya za CD, na nauandika nikiwa naipenda santuri kwa moyo wote. Ila tuelewane neno "CD" hapa lina maana gani. Pioneer walitoa CDJ-500 mwaka 1994, lakini ni CDJ-1000 ya mwaka 2001 iliyowavuta madijei wengi, kwa sababu gurudumu lake la juu lilikubali kushikwa na kusukumwa kama santuri. CDJ-2000 ya mwaka 2009 ikasoma flashi pamoja na CD. CDJ-3000 iliyotoka mwaka 2020 haina tundu la CD kabisa. Ukumbini utakuta watu wanakuja na flashi. CD yenyewe imebaki kuwa akiba na njia rahisi ya kujifunzia kwa mwenye pleya za zamani za bei nafuu.

Kwa santuri, jina linalorudi kila mara ni Technics SL-1200. Ya kwanza ilitoka mwaka 1972, na MK2 ya mwaka 1979 ndiyo iliyoleta kitelezi kirefu cha kasi ambacho madijei wanakijua. Uzalishaji ulisimama mwaka 2010, ukarejea mwaka 2016. Lakini usinunue jina, nunua mota. Unachohitaji ni mashine ambayo mota inazungusha sahani moja kwa moja. Zile za mkanda hazifai kwa kazi hii kwa bei yoyote ile: ukiishika santuri kwa kidole, mkanda unateleza au unavutika, na ukiiachia sahani inachelewa kurudi kwenye kasi yake. Utajilaumu kwamba hujui kulinganisha mapigo, yaani kufanya nyimbo mbili zipige pamoja kwa kasi moja, kumbe mashine ndiyo inayokudanganya. Zile za kisanduku zenye spika ndani yake usizifikirie kabisa.

Sasa tuje kwenye hesabu ya kasi, maana hapa ndipo mashine hizi mbili zinapoachana hasa. Kitelezi cha MK2 kinapandisha au kushusha kasi kwa asilimia 8. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika unaweza kuupeleka kati ya 92 na 108, basi. Amapiano ya mapigo 113 ikiachwa kwenye kasi yake hutaifikia, kwa sababu inataka asilimia 13. Pleya nyingi za CD zinakupa asilimia 6, 10, 16 na zaidi, na zina kitufe cha Master Tempo kinachozuia sauti isiwe nyembamba wakati kasi inapanda. Kwenye santuri kasi na sauti huenda pamoja: kila asilimia 6 ni karibu nusu toni, na mwimbaji anaanza kusikika kama mtoto. Kwa singeli, ambayo mara nyingi huvuka mapigo 200, njia ni kuihesabu nusu: singeli ya 208 inakaa vizuri juu ya wimbo wa 104.

Kuna jambo moja ambalo waelekezaji wengi hulipita. Zilipendwa zilirekodiwa na bendi nzima ikipiga pamoja, bila metronomu. Kasi inapanda kiitikio kikichanganya na inashuka mwimbaji anapoanza ubeti. Ukishazilinganisha nyimbo mbili za aina hiyo, zinaachana baada ya sekunde 15 au 20, hata mashine zikiwa kamilifu. Dawa ni mkono kutoondoka: unagusa ukingo wa sahani kuipunguza kidogo, au unazungusha ncha ya chuma ya katikati kwa vidole viwili kuiharakisha. Kwenye CD unasukuma ukingo wa gurudumu. Namba ya mapigo kwenye skrini hapa haikusaidii, kwa sababu inakupa wastani tu.

Ukinunua zilizotumika, na wengi tutanunua hizo, nunua mbili za aina moja. Santuri moja na CD moja, au pleya za miundo miwili tofauti, zitakulazimisha ujifunze mikono miwili kwa wakati mmoja.

Ukikagua mashine ya santuri, iwashe na kitelezi kikiwa sifuri, kisha tazama nukta za pembeni mwa sahani kwenye taa yake nyekundu. Kwenye SL-1200 safu ya nukta kubwa inatakiwa isimame tuli. Ikitambaa, kasi si sahihi. Sogeza kitelezi polepole kutoka juu hadi chini. Kasi ikirukaruka, kina vumbi au kimechakaa. Kisha ushike mkono wa sindano kwa wepesi karibu na mhimili wake na uutikise. Usisikie ulegevu wowote. Weka antiskeiti (kidhibiti kinachozuia mkono kuvutwa kuelekea katikati ya santuri) sifuri, zungusha uzito wa nyuma hadi mkono uelee sambamba na sahani, halafu upulize taratibu. Uende na kurudi bila kukwama popote. Ukikwama, beringi zimeumia, na hilo ni tatizo ghali kuliko yote. Mwisho, cheza wimbo huku ukitingisha nyaya za sauti mahali zinapotokea kwenye mashine. Mkwaruzo au upande mmoja kukatika maana yake ni kubadilisha waya, kazi ambayo fundi wa redio anaiweza.

Soma pia kibandiko cha umeme nyuma. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100. Ukiichomeka kwenye 230 za Tanzania au 240 za Kenya bila transfoma ya kushusha, utaiunguza. Mashine ya aina hii hutumia chini ya wati 20, hivyo transfoma ndogo inatosha.

Ukikagua pleya ya CD, nenda na CD yako uliyoichoma mwenyewe na flashi yako mwenyewe, usikubali ya muuzaji. Cheza wimbo wa kwanza kisha ruka hadi wa mwisho. Leza husoma kutoka katikati kwenda nje, na lenzi iliyochoka mara nyingi hushindwa kwenye ukingo au huchukua muda mrefu kuanza. Bonyeza PLAY na CUE (kitufe cha kurudi mahali ulipoweka alama kwenye wimbo) kwa wepesi mara 20 kila kimoja. Hivyo ndivyo vinavyokufa kwanza: kimoja kitakataa, au kitaitika mara mbili kwa mguso mmoja. Gusa juu ya gurudumu sehemu zote. Likishika upande mmoja tu, utahangaika. Weka kitelezi cha kasi katikati na tazama namba kwa dakika moja. Ikicheza yenyewe kati ya 0.0 na 0.2, nyimbo zako hazitatulia.

Kuchoma CD nako kuna adabu yake. Tumia CD-R ya dakika 80, choma kama CD ya muziki na si ya data kama pleya ni ya zamani, ondoa ile sekunde 2 ya ukimya kati ya nyimbo, na uifunge diski mwishoni (programu huita "finalize") ili pleya iweze kuisoma. Usiichome kwa kasi ya juu kabisa. Usibandike karatasi ya jina juu yake: ikipata joto inabanduka, na ndani ya pleya ya kumeza diski inaweza kunasa. Andika kwa kalamu ya CD. Na choma kila diski mara mbili, ili mashine zote mbili ziwe na nyimbo zilezile.

Flashi iumbizwe kwa FAT32, yaani mpango wa kuhifadhi faili ambao pleya inausoma. Wengi hufika ukumbini na flashi ya NTFS, pleya inasema hakuna kitu, jasho linawatoka. Nyimbo ziwe MP3 za kilobiti 320 au WAV. Faili lililopita WhatsApp na kubanwa tena linaweza kupendeza kwenye simu, lakini kwenye spika kubwa besi inakuwa tope na sauti za juu zinakwaruza.

Rudi kwenye santuri, kwa atakayeichagua, kwa sababu makosa mengi hutokea siku ya kwanza ya kuipanga. Funga kichwa cha sindano, antiskeiti sifuri, elesha mkono kama ilivyoelezwa hapo juu. Ukiwa umeelea, geuza pete ya namba peke yake hadi sifuri bila kugeuza uzito wenyewe. Kisha geuza vyote pamoja hadi gramu alizoandika mtengenezaji wa sindano. Sindano nyingi za madijei huwa kati ya gramu 3 na 4. Ikiwa nyepesi mno itaruka, ikiwa nzito mno itakula santuri na kujila yenyewe. Ukiona mtu ameweka sarafu juu ya kichwa cha sindano ili isiruke, ujue anaharibu santuri zake. Ondoa mpira mzito wa juu ya sahani na uweke kitambaa cha kuteleza, la sivyo huwezi kuishika santuri wakati sahani inaendelea kuzunguka. Na kwa zile santuri za 45 zenye tundu kubwa, uwe na adapta mbili.

Nyaya za santuri ziende kwenye tundu la PHONO la mikisa (kifaa cha kuchanganya sauti za mashine mbili), na ule waya mwembamba wa ethi ufungwe kwenye skrubu ya GND. Usipofungwa, utasikia mngurumo usiokwisha. Sauti ya sindano ni ya milivolti chache tu, na tundu la PHONO huikuza na kurudisha besi iliyopunguzwa wakati santuri inakatwa. Ukiichomeka LINE, tundu la vifaa kama pleya ya CD, itakuwa hafifu, kavu, haina besi. Ukifanya kinyume, pleya ya CD kwenye PHONO, itapasua masikio. Kabla ya kununua mikisa hesabu matundu: santuri mbili zinataka PHONO mbili.

Tatizo la ukumbini ni besi. Spika ikitetemesha meza, sindano inausoma mtetemo huo na kuurudisha kwenye spika, na mngurumo unakua hadi sindano inaruka. Weka tofali pana la saruji juu ya sponji nene, mashine juu yake, na usizielekeze spika za besi mezani. Pleya ya CD haijali haya, na pia ina karibu kilo 5 tu, wakati mashine ya santuri ni karibu kilo 10 au zaidi, kabla ya sanduku la santuri zenyewe. Kwa DJ wa bodaboda hiyo si hesabu ndogo. Vumbi na joto ni adui wa wote wawili, ila santuri iliyoachwa ndani ya gari juani inapinda, na haiponi.

Yupo pia anayependa kuishika santuri kwa mkono lakini muziki wake ni faili. Huyo ana njia ya kati: santuri maalumu yenye mawimbi ya kuongoza programu ya kompyuta, kama Serato. Atapata hisia ya sahani na nyimbo zote za leo. Atahitaji mashine, sindano, kompyuta na kiunganishi chake, kwa hiyo hii si njia ya kuanzia kwa mfuko mwembamba.

Mashine yoyote utakayochukua, zoezi la kwanza ni moja. Weka wimbo uleule pande zote mbili, kitelezi cha kwanza sifuri, cha pili kikiwa popote bila kukitazama. Kama una skrini, ifunike kwa utepe wa karatasi. Hedifoni sikio moja, spika sikio la pili. Anzisha wa pili kwenye pigo la kwanza la fungu la mapigo 32, sikiliza ngoma ipi inatangulia, rekebisha kitelezi, rudia. Dakika 30 kila siku. Ukiweza kuzishikilia pamoja kwa dakika mbili bila skrini, badilisha wimbo wa pili uwe mwingine wa kasi ya karibu, kisha umalizie na zilipendwa mbili za bendi, ambazo hazitatulia hata kidogo mkononi mwako.