Nyie mnaomaliza sanaa, njooni tuongee hela

Wadogo zangu nawapenda ila mnanichosha. Kila mwaka wakitoka wapya pale TaSUBa, chuo chetu cha sanaa hapa Bagamoyo, yanajirudia yale yale, mtoto anapiga ngoma mpaka mwili unakusisimka, Mdundiko anajua, Vanga anajua, mpe jembe la Bugobogobo alirushe utadhani kazaliwa Usukumani, halafu ukimuuliza shoo ya Jumamosi pale hotelini unalipwa ngapi anakujibu "wametupa msosi na soda kaka, na wamesema watatutangaza". Wanawatangaza kwa nani? Mgeni mwenyewe analala usiku mmoja, kesho asubuhi yuko njiani kwenda Saadani na jina lako hajalishika.

Na wala si nyie mlioanza. Tangu Chuo cha Sanaa kifunguliwe 1981, kabla hata hakijageuka TaSUBa 2007, Bagamoyo haijawahi kupungukiwa na watu wenye mikono mizuri wanaoona haya kutaja bei. Eti ukiongea hela unaonekana huipendi sanaa. Mi nasema kinyume chake, na nawapangia kwa namba ili msije kunigongea mlango usiku.

1. Jueni kalenda ya hela. Kwetu huku ngoma hailipi mwaka mzima. Mwezi wa Shaabani watu wanavunja jungu na wenye haraka wanaoa, Ramadhani kimya, hakuna wa kukuita, halafu ikiingia Mfungo Mosi harusi zinapandana mpaka sauti inakauka. Wageni nao wana yao, wanajaa kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi, wanarudi tena Desemba, ila masika kuanzia wa tatu hoteli zinabaki zinapaka rangi kuta. Na msikariri, maana mwezi mwandamo unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, ndo maana miaka hii ya karibuni Ramadhani na masika zimegusana, yaani njaa mbili zimepanga chumba kimoja. Kuna dogo mmoja, simtaji, alipiga harusi za Mfungo Mosi zote akanunua simu kubwa na raba nyeupe, masika ilipofika akaja kuniazima hela ya unga akiwa kavaa zile raba. Nilimpa. Raba zilikuwa kali kwa kweli.

2. Chukua TIN, namba ya mlipakodi. Hoteli na taasisi zinataka invoisi, na ukiona wamekukata asilimia 5 usianze kugombana na mhasibu, hiyo ni kodi ya zuio.

3. Usitaje bei kabla hujahesabu. Hapa nikae kidogo, maana hili lilinikuta.

Alikuja mwalimu wa shule moja ya Dar, anataka seti ya ngoma za watoto, shule yao ina mahafali. Mi ndo nimeanza kuwamba kwa jina langu mwenyewe, nina kibanda, nina vipande vya magogo, nimejaa sifa. Akaniuliza bei, nikaitaja pale pale kutoka hewani. Akakunja uso akarudi nyuma kidogo, mi nikaona huyu anaondoka, nikashusha. Akakunja tena, nikashusha tena. Kumbe jamaa alikuwa anatafuta chafya, vumbi la mbao lilimwingia puani. Alipomaliza kupiga chafya akasema haya sawa, akatoa advansi, na mimi nikashukuru kwa mikono miwili, mjinga mimi.

Advansi ikaishia kwenye magogo na kamba. Ngozi za mbuzi nikakopa machinjioni. Sasa hesabuni, ilikuwa masika, na nyie mmefundishwa, ngozi ukishailoweka ukaiwamba lazima ikauke kivulini taratibu, upepo upite, hapo ndo inajivuta yenyewe. Masika hiyo kazi inataka subira, na subira inakula, inalipa kodi ya chumba. Bei yangu haikuwa na hata siku moja ya kusubiri. Mwenye nyumba anagonga, wa machinjioni anapiga simu, hela iliyobaki hailipwi mpaka ngoma zifike shuleni. Nikaziingiza ndani nikazipanga kuzunguka majiko ya mkaa. Juu zikakauka zikalia tii tii vizuri kabisa, chini ya ngozi unyevu bado umekaa. Na mi nilijua! Niliibonyeza moja kwa kidole gumba nikasikia ubaridi, nikajifanya sijasikia. Gari la shule lilipofika nikazipasha moto kidogo, mwalimu akapiga mbili tatu, akafurahi, akapakia.

Haikuchukua muda simu ikaita. "Fundi, ngoma zako zinanuka, watoto wanaziba pua." Nyingine zimelegea, nyingine zimechanika pale kwenye vigingi. Nikapanda daladala ya Makumbusho na kiroba cha ngozi nyingine za mkopo, nikazifumua zote pale shuleni mbele ya watoto, bure. Lakini ngozi haijui mahafali, haikukauka kwa wakati. Siku yenyewe watoto walicheza Mdundiko wa kwenye spika, wamevaa khanga zao wamependeza, na mimi fundi wa ngoma nimesimama nyuma kwenye kona naangalia spika. Mwalimu hakunigombeza, bora angenigombeza. Hakunipigia tena.

So mtu akikuuliza bei mwambie nitakupa jibu kesho. Usiku kaa na karatasi, andika gogo, ngozi, kamba, nauli, mkono wako, na zile siku za kukaa kusubiri pamoja na ugali wa hizo siku. Anayeipenda kazi yake ndo anatakiwa awe mkali wa bei, maana bei ya huruma itakulazimisha uifanye vibaya hiyo hiyo kazi unayoipenda.

4. Wimbo wako mpya kausajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, sheria inayotumika sasa ni ya 1999. Na mkiwa kikundi ulizeni halmashauri ile mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ya mapato yao ya ndani ni ya vijana.

5. Tafuta kazi ya pembeni iliyo jirani na sanaa yako. Mi jukwaani napata makofi, lakini kinachonilisha masika ni kuwamba upya ngoma za wenzangu zilizolegea na kufundisha watoto Jumamosi. Hakuna anayepiga picha nikinyoa ngozi kwa wembe, harufu yenyewe mnaijua. Ila nikiwa pale silalamiki, nasahau hata kula. Bodaboda si aibu, wengi wenu mtaendesha, ila angalieni, hela nzuri ya boda ni jioni na shoo ni jioni, ndo hapo wengi wanapotuacha wakisema watarudi.

6. Ilikuwepo, nimeisahau, ilihusu kulipana na wacheza shoo wenu kabla hamjala.

Jumatatu nawamba. Anayetaka kujifunza aje asubuhi, aje na wembe wake, zangu mnaziua makali.